Mkwe Asiyeinama

Mimi Yunusi mgongo wangu hauinami, na sitaki pole ya mtu. Wakati wa mradi wa karanga kule Nachingwea, tulipokuwa tunafyeka pori, gogo lilinipiga kiunoni. Daktari akachukua kipande cha mfupa wa muundi wangu, akaungia nacho pingili za mgongo. Nikalala na plasta kuanzia kifuani hadi nyongani, miezi kwa miezi. Nilipoinuka nilikuwa mgumu kama mchi. Na hasa masika, maumivu huamka kabla yangu.

Basi mtu wa namna hiyo akampenda Zaina wa Nkowe. Tulikutana sokoni Ruangwa, anauza ufuta. Kofia yangu ilianguka, nami nikabaki naiangalia tu. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniokotea. Nilikipenda kile kicheko, nitasema nini?

Zaina nilimweleza hali yangu. Mjomba wake, Mzee Awadhi, hakuijua, na kwetu huku mjomba ndiye mwenye neno. Tena mchumba anahamia ukweni, analima shamba lao msimu mzima ndipo aozwe. Kulima, mimi! Zaina alinihimiza nimwambie mzee mapema. Nikaona haya, nikanyamaza.

Siku ya kufika nikakutana na mlango. Paa la nyasi lilishuka mpaka kifuani, kila aingiaye huinama. Nikapiga magoti, nikaingia kwa magoti hivyohivyo, mgongo wima. Mzee Awadhi akafurahi ajabu. Akatangaza kwa majirani kwamba tangu azaliwe hajaona kijana mwenye adabu kiasi hicho. Basi ikawa ndiyo kazi yangu, kila siku magoti yanachubuka, na Zaina anageukia ukutani kuficha kicheko.

Lakini adabu hailimi. Palizi ya mtama ilipofika, nikapewa jembe la mpini mfupi. Nilijaribu nikiwa nimesimama, halikufika chini. Nikakaa kitako udongoni, nikapalilia mbele yangu, nikajisogeza kwa makalio, nikapalilia tena. Maumivu yalipanda mpaka shingoni. Wenzangu wako mbali mbele, mimi peke yangu nyuma, suruali yote udongo. Mzee Awadhi akarudi, akasimama mbele yangu. Zaina naye akaacha kulima.

"Mzee, yale magoti siyo adabu," nikamwambia. "Siwezi kuinama. Wala sitaweza tena."

Nikamweleza yote, la gogo na la mfupa. Mzee akatia jembe begani, akashika njia ya nyumbani. Nikajua Zaina nimeshamkosa. Zaina akanishika mkono akaniinua, nikajikokota nikachukue mzigo wangu.

Tulimkuta mzee mlangoni na shoka, amenuna. Nyasi za paa zimetapakaa uani, boriti ya juu ya mlango ameshaing'oa.

"Mwezi mzima unaniacha nakusifu kama mjinga," akasema. "Njoo usimame hapa nikupime. Mkwe wangu hawezi kuingia kwangu kwa magoti mpaka azeeke."

Nikaenda, nikasimama pale mlangoni huku machozi yananitoka, na Zaina anacheka. Kusimama, hilo naliweza.