Modemu ya Bulaya

"Usiguse."

Assia alikuwa hajaweka hata mfuko wake wa vifaa chini. Alinyoosha mkono tu kuelekea rafu iliyokuwa juu ya televisheni, na sauti ya mzee ikamkuta mkono ukiwa bado hewani, kama wa mwanafunzi aliyejitolea kujibu kisha jibu likamponyoka.

"Siigusi, Muzee. Nilitaka kuangalia taa."

"Taa inaangaliwa na macho. Macho haina vidole."

Aliurudisha mkono. Modemu ilikuwa imekaa pale juu kama picha ya mtakatifu: nyeusi, antena mbili zimesimama wima, chini yake kitambaa cheupe cha kufuma, pembeni yake picha ya kijana aliyevaa joho la mahafali. Taa nne zote za kijani. Taa hazikuwa na tatizo. Katika miezi yake mitatu ya kazi Assia alikuwa amejifunza kwamba taa karibu kila mara hazina tatizo.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuingia katika nyumba hii ya mtaa wa Mutanga Sud ndani ya wiki mbili. Mara ya kwanza alibadilisha kichwa cha waya. Mara ya pili alipanda ngazi hadi juu ya nguzo ya barabarani, jua la saa saba likimchoma mgongoni, akaukata waya na kuuunga upya huku wanafunzi wa chuo wakipita chini na kumpigia miluzi. Kasi ya intaneti ikabaki ileile. Mzee Népomuscène, aliyestaafu kutoka wizara ambamo watu walikuwa wakisimama akiingia, alikuwa ameongeza laini yake kutoka mega kumi hadi hamsini. Hata hivyo, kila Jumapili uso wa mwanawe Loïc, aliyeko Liège huko Ulaya, uliendelea kuganda kwenye skrini, mdomo wazi, neno likiwa nusu.

Malalamiko mawili yalikuwa tayari kwenye faili la Assia. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha Ijumaa. Asubuhi hiyo Chabani, mkuu wa mafundi, alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake: "La tatu likija, Assia, mi sitaweza kukutetea. Leta sahihi ya yule muzee, na leta chiffre ya kasi. Arobaini kwenda juu. Na upime kwenye wifi ya mutu, siyo kwenye ukuta. Kama apana, ile gilet utaiacha hapa."

Gilet, kizibao cha kazi, ilikuwa ya rangi ya chungwa, na ilimzidi kwenye mabega. Alikuwa ameandika barua za kuomba kazi kwa miezi kumi na minne kabla ya kupewa. Leo zamu, mlinzi wa lango, alimwacha asimame nayo nje nusu saa nzima, eti mzee anakunywa chai.

"Kampuni yenu haina wanaume?" mzee aliuliza sasa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti.

"Wako, Muzee. Wako juu ya nguzo."

Hakucheka. Kwenye kona, mkewe Mama Consolate alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani, na alikuwa na ule utulivu wa watu waliokwisha kusikia kelele zote. Hakuwahi kusema lolote katika ziara mbili zilizopita. Maharage tu yalisikika, moja moja, yakianguka kwenye sufuria.

Assia alipiga magoti mbele ya kisanduku cheupe kilichofungwa ukutani, pale waya wa barabarani unapoingilia ndani. Aliomba ruhusa. Mzee akainua kidole kimoja: endelea. Akachomeka waya wake moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye kompyuta yake, akapima, kisha akageuza skrini ili mzee aione.

"Arobaini na tisa. Hii ndio laini yako, Muzee. Inafika muzima mpaka hapa kwenye ukuta."

"Na huku kwangu?"

Aliunganisha kompyuta kwenye wifi ya nyumba, akapima tena. Mshale ulipanda, ukasita, ukashuka kidogo.

"Nane."

"Basi hamuoni aibu!" Mzee aligonga sakafu kwa fimbo. "Ninalipa hamsini, ninapewa nane!"

"Shida ni modemu, Muzee." Alisema polepole, akitazama mikono yake. "Ni ya zamani. Ilitengenezwa wakati laini zilikuwa ndogo, haiwezi kubeba hamsini. Ilikuwa inatosha kwa zile kumi, ndio maana hukuona shida pale mwanzo."

"Ya zamani." Mzee alilirudia neno kana kwamba ametukanwa. "Wewe mutoto. Hii ni ya Bulaya."

Neno hilo, Ulaya kwa matamshi ya mji huu, humaliza mabishano. Friji ya Bulaya iliyotumika miaka kumi hupendwa kuliko mpya iliyotoka Dubai jana. Wachuuzi wa mtaa wa Jabe hulitangaza toka asubuhi, viatu vya Bulaya, redio za Bulaya, na wanunuzi huacha vilivyo ndani ya nailoni na kuvikimbilia vyenye mikwaruzo. Mama yake Assia mwenyewe alikuwa akinyoosha nguo kwa pasi ya Bulaya ambayo waya wake ulikuwa umefungwa utepe mara tatu, na hakutaka kusikia habari ya nyingine.

"Ninayo hii ya kampuni," Assia alisema, akatoa boksi kwenye mfuko. "Tuijaribu dakika tano tu. Kama haibadilishi kitu, ninairudisha."

"Ilitengenezwa wapi hiyo?"

Assia aliangalia boksi ingawa alijua. "China, Muzee."

"China!" Alimgeukia mkewe. "Unasikia? Munafunga robinet kule bureau, maji inakuwa kidogo, halafu munakuja na viboksi vyenu. Ninabaki na ya Kichina, we unabeba ile aliyonitumia mutoto wangu. Kesho nitaikuta Jabe, imepakwa rangi."

"Mi siuzi vitu vya watu, Muzee."

"Kwenu ni wapi?"

Alijua swali lilikokuwa linaelekea. "Jabe."

"Basi!" Alifungua viganja vyote viwili. "Ninyi Baswahili, Mungu aliwapa ulimi akasahau mengine. Mutu anaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, na utamushukuru."

Assia aliurudisha vizuri mtandio wake nyuma ya sikio ingawa haukuwa umetoka. Neno hilo alikuwa nalo tangu shuleni. Mtoto akidanganya darasani, hata kama anatoka milimani na hajawahi kusikia adhana, wenzake humwambia: acha Uswahili. Alikuwa amejifunza kulimeza pamoja na mate.

Tableti iliyokuwa mezani ikalia.

"Sawa," mzee alisema, akinyoosha shati. "Nilimwambia apige akiwa kwenye pause ya kazi. Ashuhudie mwenyewe."

Loïc alitokea kwa vipande: kwanza paji la uso, kisha kidevu, kisha vyote viwili vikakutana. Alikuwa mwembamba kuliko kijana wa kwenye picha. Nyuma yake kulikuwa na rafu ndefu za makatoni hadi juu, na kifuani mwake alivaa gilet ya njano yenye mistari inayong'aa. Assia aliiona kwa sekunde mbili. Kisha Loïc akainua simu, na kukabaki uso wake tu na dari.

"Papa, bado hawajatengeneza?"

"Wametuma tena huyu binti. Anasema modemu yako ni ya zamani!"

"Apana, Papa. Usimwache aguse." Sauti ilikatika, ikarudi. "...neuve, mupya. Niliinunua mi mwenyewe, kwenye magasin. We dada, unanisikia? Unajua hata hiyo modèle ni gani?"

"Ninaijua, kaka."

"Unaijua wapi? Jueni kazi yenu kwanza. Hapa ninapofanya kazi, mutu kama wewe..." Picha ikaganda, mdomo wazi.

Mzee alisubiri irudi. Ilipokawia, akainuka, akaenda kwenye rafu, na mbele ya macho ya Assia akafanya alichomkatalia mara tatu: aliishusha modemu. Aliishika kwa mikono miwili, nyaya zilizochomoka zikining'inia kama mizizi. Wifi ya nyumba ikafa, tableti ikahamia yenyewe kwenye laini ya simu, na uso wa Loïc ukatulia, safi kuliko mwanzo.

"Etiketi iko hapa chini," mzee alisema. "Macho yangu haishiki herufi ndogo. Soma kwa sauti, asikie. Tumalize hii uongo."

Assia alisoma kimya. Modeli ndiyo aliyoitarajia. Mwaka 2009. Chini ya mwaka, kwa herufi nyeusi, jina la kampuni ya simu ya huko, na mstari mmoja wa Kifaransa. Aliinua macho. Kwenye tableti Loïc alikuwa amenyamaza, na safari hii hakuwa ameganda, kwa sababu kope zake zilikuwa zinapepesa.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo.

Mtu hupitia wapi mpaka apate kitu kama hiki? Kwenye chumba cha chini cha jengo, labda, au kando ya barabara siku ambayo wenyewe wanatoa takataka. Anakipangusa. Anakifunga kwenye fulana ndani ya sanduku, na kule nyumbani kinawekewa kitambaa cha kufuma.

"Soma!"

"Herufi zimefutika, Muzee."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu. "Unaona, Loïc? Zimefutika! Sasa hivi alikuwa anajua ni ya zamani, sasa herufi zimefutika." Tayari alikuwa ametoa simu mfukoni na anaisogeza mbali na macho ili atafute jina. "Ninamupigia Chabani wako. Aniletee mutu anayejua kusoma."

Assia angeweza bado kusema. Ilikuwa mistari mitatu tu. Akalikumbatia boksi lake la Kichina kifuani.

Maharage yalinyamaza.

"Lete hapa," alisema Mama Consolate.

"We kaa na maharage yako."

"Nilifundisha watoto kusoma miaka thelathini na mbili. Lete."

Aliweka ungo chini, akatoa miwani kwenye mfuko wa gauni, akaichukua modemu mikononi mwa mumewe kama mtu anavyompokea mtoto mchanga kwa baba asiyejua kumbeba. Alisoma kwa Kifaransa, kwa sauti ya darasani, bila kuruka kitu. Kisha akatafsiri, kama ilivyokuwa desturi yake: "Mwaka elfu mbili na tisa. Mali ya kampuni. Irudishwe mkataba unapokwisha."

Mahali pengine ndani ya nyumba friji iliwaka, ikatetema, ikazima.

"Mama," alisema Loïc. "Mi nilikuwa..."

Skrini ikawa nyeusi. Haikuganda. Ilizimwa.

Mzee Népomuscène alisimama katikati ya sebule, simu mkononi, namba ya Chabani ikiwa imeshapatikana. Akairudisha mfukoni. Alipokuja kusema, sauti yake ilikuwa chini, lakini haikuwa laini.

"Rudisha hiyo machine mahali pake."

"Muzee, ikirudi hii, kasi itabaki nane. Ya kampuni unaweza kuiweka nyuma, kwa kificho, hii ibaki pale mbele na..."

"Nani amekuuliza? Rudisha. Apana, acha. Nitaweka mwenyewe."

Aliipokea kutoka kwa mkewe. Alihangaika na nyaya, akachomeka mmoja pasipo pake, akachomoa.

"Wa njano, Muzee," Assia alinong'ona, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. "Kwenye tundu la kushoto."

Taa zilirudi moja baada ya nyingine. Zote za kijani.

"Karatasi yako iko wapi?"

Alimpa fomu ya kazi na kalamu. Mzee hakuuliza mahali pa kutia sahihi. Kwenye nafasi ya maoni ya mteja aliandika kwa herufi kubwa za wizarani: NIMERIDHIKA. Chini yake akapiga sahihi ndefu yenye mkia, ile ambayo zamani ilifungua milango. Nafasi ya kasi aliiacha wazi.

"Sasa utoke. Na kule Jabe usiende kuhadithia."

"Mi sihadithii, Muzee."

"Munahadithia. Ndio kazi yenu."

Mama Consolate alikuwa amesharudi kwenye ungo wake. Hakuinua kichwa Assia alipoaga.

Zamu alimfungulia nusu ya lango, upana wa mtu mmoja, akalifunga kabla mfuko haujapita vizuri. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Simu ililia kabla hajafika hata kwenye kona ya ukuta.

"Sahihi iko?" Ilikuwa sauti ya Chabani, na nyuma yake kelele za ofisi.

"Iko. Ameandika ameridhika."

"Ameridhika? Yule muzee?" Chabani alipiga mluzi. "Dada, umemupa dawa gani? Haya, nipe chiffre, nifunge dossier. Ngapi?"

Assia alisimama. Dirisha la sebule lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na lilikuwa wazi. Alimsikia mzee akizungumza, kwa Kirundi sasa, kwa sauti ambayo hakuwa amemsikia nayo katika ziara zote tatu. Alikuwa anamwuliza Loïc kama amekula. Kisha akauliza tena, akivuta maneno kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: umekula? Unanisikia? Umekula?

"Assia? Allô? Chiffre ni ngapi?"

Alikuwa ameiegemeza fomu kwenye ukuta wa moto, kalamu juu ya ile nafasi nyeupe: nane ya wifi, au arobaini na tisa ya ukutani. Ndani, mzee aliuliza tena.