Damu ya Magdaline

Nyamusi alikuwa amebakisha siku nne kustaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi wa thieta katika hospitali moja mjini Kericho, na wiki hiyo alijikuta akifanya kila kitu polepole. Akihesabu makasi, moyo unarudi thieta ya zamani, ile ya paa la mabati. Mvua ya mawe ikipiga pale alasiri, hamsikizani hata mkipiga kelele. Ndiyo sababu Daktari Oketch, mpasuaji wao wa siku hizo, aliwafundisha kuongea kwa mikono: vidole viwili ni makasi, ngumi ni ngoja, kiganja wazi ni shashi. Oketch alikuwa akiimba nyimbo za kanisani akishona, sauti mbovu kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Thieta mpya ilikuwa ya zege, safi, kimya.

"Hapa mtu anasikia hata tumbo lake likilia njaa," alimwambia Weldon, mtoaji wa nusukaputi. Katika kundi la zamani walikuwa wamebaki wao wawili tu.

"Tumezeeka, Mama," Weldon akacheka. "Kelele ilikuwa yetu."

Saa saba mchana simu ikalia kutoka chumba cha dharura. Mchuma chai mmoja, Magdaline, alikuwa ameanguka shambani kapu likiwa mgongoni. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija umepasuka. Tumbo limejaa damu. Kundi lake la damu lilikuwa O hasi, na kwenye friji hapakuwa na hata mfuko mmoja. Gari lilikuwa limeshatumwa Kisumu kuleta damu.

"Litarudi lini?" aliuliza Daktari Wakonyo, mpasuaji aliyekuja hospitalini hapo miezi sita tu iliyopita, binti mwenye mikono myepesi na maneno machache.

"Masaa matatu, barabara ikiwa sawa," Nyamusi akajibu.

Weldon alitazama mashine. "Huyu hana hata moja, Daktari. Presha ni hamsini."

Wakonyo akapasua. Damu ikafurika hadi kwenye mashuka, naye akaushika mrija uliopasuka na kuubana. Muuguzi mmoja alikuwa ameshanyoosha bomba la kufyonza ili damu ile imwagwe.

"Usimwage!" Nyamusi alisema. Hata yeye alishtuliwa na sauti yake. "Daktari, hiyo ni damu yake, na imetoka sasa hivi. Tumrudishie."

Wakonyo aliinua macho. "Hiyo nimeisoma tu, Sista. Sijawahi kuiona ikifanywa."

"Mimi nimeifanya mara kumi na moja, na Daktari Oketch. Angalia utumbo kwanza. Kama haujatoboka, damu ni safi."

Daktari akapitisha vidole taratibu, pande zote. "Utumbo ni mzima," akasema mwishowe. "Haya, Sista. Niongoze."

Nyamusi akaweka shashi safi tabaka nane juu ya jagi la chuma. Daktari akachota damu kwa kibakuli, akaimimina polepole, mabonge yakabaki juu. Iliyochujwa waliitia kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, Weldon akautundika. Mikono ya Nyamusi ilikuwa inakumbuka yenyewe. Alimkumbuka mgonjwa wa kwanza, mwalimu kutoka Chebunyo, siku ambayo stima zilipotea na dereva wa ambulansi akaitwa ndani kushika tochi. Oketch aliimba ubeti mmoja huohuo mara ishirini. Mwalimu yule alipona, na mwezi uliofuata akawaletea kuku wawili, wakapikwa nyuma ya thieta, wakaliwa na kila mtu, mpaka mfagiaji.

Bila kufikiri Nyamusi akanyoosha kiganja wazi. Wauguzi vijana wakatazamana. Weldon akacheka nyuma ya barakoa yake.

"Anataka shashi," akawaeleza. "Mpeni shashi."

Mfuko wa kwanza ukaingia, kisha wa pili. Presha ikapanda hadi sabini. Walipotundika wa tatu ilikuwa tisini, na Wakonyo alikuwa amemaliza kuufunga mrija na anashona. Saa kumi na robo gari la Kisumu lilipofika, Magdaline alikuwa ameamka na anaomba maji.

Mume wake, Okemwa, alikuwa amesimama mlangoni, gambuti zake bado zina matope.

"Sista, ni nani amempa mke wangu damu? Nataka nimshukuru."

"Amejipa mwenyewe, baba," Nyamusi alimwambia. Okemwa hakuelewa, ikabidi waketi kwenye benchi amweleze tena tangu mwanzo. Alipoelewa alifunika uso kwa kofia yake, akalia.

Kesho yake Wakonyo alimfuata Nyamusi chumba cha chai. "Ukienda Ijumaa unaenda na kila kitu unachokijua," akasema. "Tufundishe kabla hujatoka."

Basi Alhamisi Nyamusi akakusanya wauguzi tisa, akawatilia rangi nyekundu kwenye maji ili wajifunzie. Somo lilianza saa tano asubuhi, na lilipangwa kuchukua saa moja tu. Lakini kila hatua ilikuwa na mtu wake na siku yake, naye hakuweza kumtaja mmoja bila kumtaja mwingine, na hakuna aliyetazama saa. Ilipofika saa nane bado alikuwa akisimulia, na Wakonyo, aliyeketi nyuma kabisa, alikuwa akiandika.