Unichungie

Mama yangu Marthe hakuwa mwizi. Nalisema hili kwanza, maana majirani hapa kambini kwa wakimbizi, Nakivale, walimcheka wakimwita Mama Depo, yaani ghala. Kila aliyepata safari ya Amerika alikuja kumuaga, akamwachia kitu: kitanda, sufuria, redio bubu. Kwetu Kivu humwambii mtu mzima "chukua," kana kwamba unamtupia mbwa. Unasema, "Mama Marthe, unichungie." Kila mtu anaelewa kwamba umempa. Mama peke yake hakuelewa, au alikataa kuelewa.

"Benyewe batarudia," alisema, akipandisha godoro juu ya godoro mpaka yakagusa bati. Haba na haba hujaza kibaba. Kwetu ilijaza nyumba. Tulikula kwenye sahani zenye nyufa, na sahani nzima za watu zimefungwa kwenye magunia. Nilimchukia kwa hilo. Chumbani kwake ulibaki upenyo wa kupita kwa ubavu, na lundo lilikuwa limeanza kuinama.

Mwaka 2014 majina yetu yakatoka kwenye orodha ya safari ya Amerika: Mama, mimi, mume wangu Gervais, na mwanetu Bienfait wa miaka minne. Mama akakataa kwenda.

"Nani atachunga?" aliuliza.

Jioni ya mwisho alimkumbatia mtoto akilia kwa kwikwi. Roho iliniuma, nikamwambia lile neno ambalo binti yeyote humwambia mama yake.

"Usilie, Mama. Bienfait ni mutoto wako."

Akanyamaza papo hapo. Akanitazama sana.

"Aksanti, Sonia," akasema.

Asubuhi basi la kutupeleka Mbarara lilipiga honi, na mtoto hayupo. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, ametulia, amevaa kitenge kipya.

"Mama, Bienfait iko wapi?"

"Iko fasi ya muzuri. Si ulisema ni wangu? Minamuchunga."

Kutoka ndani kabisa, nyuma ya vitanda, sauti ndogo ikaita, "Mama!"

Gervais akamsukuma Mama kando, akavuta kitanda cha kwanza. Lundo likaguna, likaporomoka lote. Vumbi likatujaa machoni. Tulitupa nje magodoro, masufuria, magunia, huku nikimwita mwanangu, naye haitiki. Honi ikapigwa tena.

Nyuma yetu Mama aliokota sahani, akaifuta vumbi kwa kitenge chake.

"Polepole, banangu," akasema. "Musivunje bintu bya batu."