Cherehani Katika Uwanja wa Urithi

Asubuhi Ismaël alishuka na furushi begani, magauni ya kwaya ya Illuminée, yamekatwa tayari, yamebaki kushonwa tu. Kwaya inaimba Jumapili. Alikuwa anakwenda kuchukua cherehani yake, maana uwanja mpya ulizinduliwa jana, wakubwa wamekata utepe wakaondoka, na yeye alijua hivyo: sherehe ikiisha, kila mtu anachukua chake.

Uwanja ulikuwa mzuri, hilo nani atalikataa. Pale palipokuwa na baraza za maduka, walipokaa mafundi cherehani wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, tangu enzi za baba zao, sasa palikuwa na viti vya zege, miti michanga, na mawe yaliyopangwa kwa michoro ya imigongo, ile mistari ya pembepembe ya Kinyarwanda. Kibao kilisema mahali hapa panaenzi urithi wa mafundi. Mafundi wenyewe walikuwa wameambiwa watafute pengine. Katikati, juu ya jukwaa dogo, ilisimama cherehani ya Ismaël, ya kukanyaga, aliyoachiwa na baba yake.

Akaishika aibebe. Haikutikisika. Kuinama, akakuta miguu yake imezikwa kwenye zege, na zege limeshakauka. Sindano na mkanda walikuwa wameving'oa, watoto wasije wakaumia.

"Mzee, usiguse hiyo," alisema Cyriaque, mlinzi aliyekulia Bujumbura, mpole kuliko kazi yake.

"Si unajua ni yangu?"

"Najua iko yako. Lakini weye uende kwa sekta, uongee nao. Miye niko kazini tu."

Kwenye ofisi ya sekta, serikali ya mtaa, afisa wa zamu, bwana Twagirayezu, alimsikiliza macho yakiwa kwenye simu.

"Mzee, hiyo mambo haiko ya sekta. Iko ya mradi wa uwanja. Na kitu kishakabidhiwa, hatuwezi kung'oa."

"Hata kama si chao?"

"Si uliwapa wewe mwenyewe? Tulikuwa wote kwenye mkutano, mzee."

Hapo ndipo palipomchoma. Kwenye mkutano ule Umulisa, msanifu wa mradi, aliwauliza wakazi ni kitu gani kingeonyesha roho ya mtaa wao. Huyu akataja chai, yule akataja bao la igisoro. Ismaël naye, sifa zikampanda, akasimama: "Mtaa huu ni cherehani. Chukueni yangu, watu waone." Makofi yakapigwa, na siku kadhaa akatembea kifua mbele kama bwana harusi. Lakini Nyamirambo mtu akikwambia chukua sufuria langu kwa harusi yako, hakuna anayedhani amelitoa sadaka. Unapika, unaosha, unarudisha. Nani angefikiri kuwaeleza wasomi jambo kama hilo?

Akampigia Rugamba, fundi wa kuchomea vyuma kule Gisozi. Rugamba akaja, akazunguka jukwaa, akagonga mguu mmoja kwa kidole.

"Tukivunja zege, hii miguu inapasuka, muvandimwe, ndugu yangu. Chuma ya zamani haipindiki. Utabeba vipande." Akampa mkono, akarudi kazini kwake.

Mchana Umulisa alifika na wageni wenye kamera. Alipomwona Ismaël alifurahi kwa moyo wote.

"Mzee wangu! Wageni wanataka kukuona."

Ismaël akamweleza. Uso wa binti ukanyong'onyea.

"Pole sana, mzee. Sisi tulielewa umetoa. Nitawaambia, labda kwenye awamu ya pili."

"Na kazi yangu mpaka hiyo awamu?"

Umulisa akageuka kuwatazama wageni wake. Ismaël akatazama mawingu juu ya Mlima Kigali. "Basi niruhusu niitie mafuta tu. Mvua ikinyesha itashika kutu."

"Hapana, mzee," alisema polepole, kama anayempa mgonjwa habari. "Kutu tunaitaka. Ndiyo itaonyesha umri wake. Iko kwenye ramani."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililommaliza Ismaël nguvu, kwani mbaya angegombana naye.

Illuminée alimkuta ameketi kwenye kiti cha zege, furushi mapajani. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Sasa nitafanyaje, Ismaël? Waimbaji wananingoja."

"Jaribu Kimisagara, mama. Kuna mafundi wazuri."

"Mimi nimekuzoea wewe."

"Najua." Akamkabidhi vitambaa, na mikono ikabaki haina la kufanya. Aliona aibu mbele ya mteja wake, aibu ya mtu mzima aliyenyang'anywa kitu huku akishukuriwa.

Mvua ilipoanza wageni walikimbilia gari lao. Ismaël akavua koti, akaifunika cherehani, akaingiza mikono ya koti chini ya gurudumu ili upepo usilipeperushe. Akasimama pembeni, maji yakimtiririka shingoni.

Cyriaque akamwacha kidogo. Kisha simu yake ya upepo ikakoroma, mtu akasema kamera za uwanja zinaonyesha nguo chafu juu ya cherehani. Kijana akapanda jukwaani, akalitoa lile koti taratibu, akalikung'uta maji, akalikunja vizuri.

"Mbabarira, mzee, nisamehe," alisema.

Ismaël akalipokea, akalivaa hivyohivyo, likiwa limelowa, akafunga vifungo vyote.