Kijiko Sifuri kwa Maman Gikundiro

Tulienda Bujumbura siku tatu, minye na Norbert, juu ya kula. Hakukuwa biashara, hakukuwa kilio. Kula tu, na kusema mbele ya telefone kama chakula iko muzuri ao iko mubaya. Niko na page yangu ku Facebook, inaitwa Tumbo Haina Mupaka. Uvira bantu banaijua. Minye njo ninaonja na kusema, Norbert wa Kalundu njo anapiga video, juu telefone yake inaona kupita yangu. Kisha kula ninatoaka bijiko. Tano ni utamu ya mwisho. Sifuri ni kusema usipite hata ku mulango.

Minye sijue kusema polepole. Niliacha shule mu mwaka ya pili ya secondaire juu mwalimu alisema niko na mudomo, na hakudanganya. Ile mudomo njo ilikuza page. Nikisifu resto, bantu makumi tatu banatazama. Nikisema sombe ya mama fulani, ile majani ya muhogo, mbuzi angeikataa, tunafika elfu mbele jua izame.

Siku ya kwanza tuliingia mu boulangerie moja ya katikati ya muji, yenye bioo kila upande. Croissant yao nikaiuma, ikavunjika sawa jani kavu, ndani hewa tupu. Nikasema: "Batazamaji, hapa banaoka upepo." Bijiko mbili. Kisha tukashuka Buyenzi, chapati na maharage kwa mama mumoja mwenye kupika inje. Bijiko tano, sikupata hata neno ya kutukana. Ile video ilikufa palepale.

Siku ya pili tukakula samaki mukeke kando ya ziwa, resto ya bitambaa nyeupe. Mukeke ni ya ziwa yetu hii hii, bavuvi banaishusha Kalundu kila asubui, kwetu unaikula na mikono mpaka kwa kichwa. Kule bakatuletea mumoja mudogo ku sahani kubwa, kijana mwenye kuileta anainama sawa analeta mutoto ya kubatizwa. Nikasema vile vile mbele ya telefone. Bantu bakacheka, lakini kidogo.

Siku ya tatu tulishiba mpaka hasira.

"Ndugu, tunarudia Uvira na bideo bitatu bya kufa," Norbert akaniambia. "Tafuta kitu."

"Nitafute nini? Tumbo imejaa."

"Tafuta kitu ya kunywa basi."

Njo tukaingia mu nyumba moja ya maziwa, Nyakabiga. Jina haikuwa ku mulango. Mulango yenyewe ilipakwa rangi ya kijani. Ndani kulikuwa mabenchi mbili, glasi zimefunikwa na kitambaa nyeupe, na mutungi kubwa ya maziwa ya kuganda. Kulikuwa na harufu ya moshi, ile ya bikombe bya miti bya maziwa byenye bamefukiza na majani. Ile harufu niliijua mbele nikae. Nilikunywa ndani ya bile bikombe mpaka nikaota meno.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka kama makumi tano, kitambaa ku kichwa, mikono mirefu. Bakliya, ni kusema bateja yake, balimwita Maman Gikundiro. Akaniangalia uso, akatabasamu, akasema na luga ya kwetu: "Uri mwene nde?" Ni kusema, weye mutoto ya nani. Kwetu habaanze kukuuliza jina. Banaanza na baba.

Norbert alikuwa amesha anza kupiga video.

Minye ni Munyamulenge, kabila ya bachungaji ya ng'ombe. Tulishuka Uvira kutoka Bijombo, kule juu ku milima, nikiwa na miaka tatu. Lakini ku page hakuna mwenye anajua. Ku page niko mutoto ya mutaa ya Mulongwe tu, kwisha. Bile bintu bantu banaandikaka juu yetu, ati siye ni bageni mu inchi, nilionaka ni muzuri nisijitie ndani.

"Sisikie ile luga, mama," nikamujibu. "Sema Kiswahili."

Akashituka kidogo. "Aa, unisamehe, mutoto yangu. Nilikufananisha."

Akateka maziwa, akajaza glasi. Akainua, akaonja kidogo mbele ya macho yangu, akapangusa mudomo ya glasi na kiganja, akanipa na mikono mbili.

Kwetu njo vile. Mutu hakupe kinywaji mbele hajaonja. Anakuonyesha kama sumu haiko, na kama ingekuwako, angeanza yeye. Tunaita gusogongera. Nyanya yangu alinifanyiaka. Mama mukubwa yangu Abigaïl, mwenye alinilea kisha mama kufa, ananifanyia mpaka leo, hata na maji ya kunywa tu. Mutoto ya kwetu anaijua mbele ajue kutembea.

Lakini nikaona macho ya Norbert imefunguka nyuma ya telefone, na nikajua hii njo video.

Nikageukia telefone. "Batazamaji, mumeona? Mumeona na macho yenu? Hapa mwenye nyumba njo anakunywa kwanza, weye unakunywa yenye imebakia! Mama, leo ulisugua meno?"

Norbert akashindwa kuzuia cheko. Ku benchi ya pili muzee mumoja akashusha glasi yake chini, akabaki ananiangalia.

Maman Gikundiro hakuniangalia. Aliangalia glasi.

"Nikubadilishie?" akauliza.

Nikasema ndiyo, juu ile video ilitaka vile. Akachukua glasi ingine, akateka, hakuonja. Akaiweka ku meza na mukono moja, mbali na minye, sawa vile unawekea mutu mwenye haujue kama anatoka wapi. Sikugusa hata tone. Nikainua kijiko mbele ya telefone, nikaitupa ku meza.

"Sifuri! Ya kwanza tangu page hii ianze!"

Mu bisi ya kurudia, tukipita Gatumba, Norbert akanigonga na kiwiko.

"Ganza, lakini si nyinyi benyewe njo munafanyaka vile? Siku ile kwenu, mama mukubwa yako alionja maji yangu."

"Nyamaza."

"Ninauliza tu."

"Norbert, ndugu, nyamaza."

"Basi." Akacheka. "Lakini uliigiza muzuri, eh. Hata minye kidogo nikuamini."

Ile video ilipanda sawa moto mu majani. Elfu kumi, elfu makumi mbili, kisha nikaacha kutazama hesabu. Mwanzo bantu balicheka tu, na minye nikacheka nao. Halafu komantere zikageuka. Mumoja akaandika: "Hao bantu ya ng'ombe, nilisema zamani ni bachafu." Mwingine: "Bafukuzwe mu chakula ya bantu." Mwingine akauliza: "Ni nyumba gani hasa, tusikosee njia?" Na kulikuwa mwenye kumujibu, barabara gani, mulango ya kijani. Minye sikuandika adresi. Lakini mulango inaonekana mu video, na video ni yangu.

Mama mukubwa hana telefone ya video. Ni Noella, binti ya jirani, alimuonyesha, akizani atafurahi kuniona. Nilimukuta inje ku kiwanja anachagua maharage, ungo ku magoti. Nikasalimia, akaitika. Akaendelea kuchagua.

"Nimeona ile kitu yako," akasema.

"Ilikuwa ya kuchekesha tu, mama mukubwa."

"Nani alicheka?"

"Bantu elfu makumi mbili," nikasema.

"Ulimwambia hausikie luga."

"Ni juu ya video..."

"Nilikufundisha ile luga tukiwa tunakimbia, ndani ya mvua, uko ku mugongo yangu. Sikukufundisha ku darasa." Akatupa jiwe moja inje ya ungo. "Niambie. Mutu akionja mbele yako, anasema nini?"

"Anasema sumu haiko."

"Na weye ukabaambia bantu nini?"

Alimaliza ungo, akaingia ndani. Asubui alinipa chai, akaonja sawa siku zote, akanipa. Ingekuwa muzuri angenitukana. Ile chai sikuimaliza, nikatoka na njaa.

Nikafuta video. Haikusaidia kitu. Kila mutu alikuwa amesha iiba, kuna page zilitia muziki ya kuchekesha, kuna mwenye alikata pale tu mama anaonja, mara kumi mufululizo, na sauti yangu inauliza: ulisugua meno? Mutoto mudogo ku barabara ya Mulongwe alipita akimwambia mwenzake vile vile, na sauti yangu kabisa. Nilitaka kumupiga. Kumupiga juu ya nini? Kusema sawa minye?

Kisha juma mbili nikavuka mupaka Kavimvira, minye moja. Norbert sikumwambia, juu angekuja na telefone.

Mulango ya kijani ilikuwa wazi. Ndani hakukuwa mutu ku mabenchi, ni saa ine, saa yenye nyumba za maziwa zinajaaka. Ku ukuta alibandika karatasi, ameandika na mukono, herufi kubwa: HAPA HATUONJAKE. Chini yake Kirundi ya maneno ile ile. Ku meza kulikuwa mirija ya plastiki ndani ya kopo.

Maman Gikundiro akatoka ku chumba ya nyuma. Akanijua palepale.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mu njia yote. Nikasalimia na luga ya kwetu, sawa vile mutoto anasalimia mama. Nikasema minye ni mwene Nsengiyumva, wa Bijombo. Nikasema nimekuja kuomba musamaha.

Akanijibu na Kiswahili.

"Keti. Unakunywa?"

Nikarudilia na luga yetu, kama nilidanganya, kama niliisikia muzuri siku ile.

"Nilijua," akasema, Kiswahili tena. "Sura ya mutu haidanganye. Nikazani labda kwenu balikufa bote na haukupata mwenye kukufundisha. Nikakuhurumia. Kisha njo ukaniuliza meno."

Nikaangalia chini. Sementi ilikuwa imeoshwa.

"Vijana bameacha kuja," akasema. "Banapita pale inje, banapiga picha mulango. Nikaandika ile karatasi, nikanunua mirija, nikasema sasa batarudi. Unajua nani aliacha kuja kisha karatasi? Bazee ya kwetu. Muzee Rwabuhihi, ule alikuwa amekaa pale, miaka kumi na moja ananikunywia hapa. Nilimupa glasi bila kuonja, akaiangalia, akasimama. Akasema: Gikundiro, nimekuwa mugeni kwako?"

"Mama, uniambie nifanye nini."

"Minye njo nikuambie?"

"Nitapiga video ingine. Ya kuomba musamaha. Nitasema nyumba yako iko safi, nitatoa bijiko tano..."

"Acha bijiko yako!" Njo mara moja tu alipandisha sauti. "Minye si croissant. Na usinipige tena sura. Ukitaka kupiga, jipige weye."

Nikatoka inje, nikasimama ku mulango, nikageuza telefone yangu mubaya. Mu maisha yangu mudomo haijanikatalia, ile siku ilikataa. Nilianza mara ine. Mara ya tano nikasema minye ni Ganza, mwene Nsengiyumva, Munyamulenge wa Bijombo. Nikasema ile mama alinionjea juu aliniona mutoto yake, na kwetu banafanya vile, na minye niliijua pale pale nikiwa ninacheka. Nikasema luga alinisemesha nilisikia kila neno. Sikusema utani hata moja. Nikaituma.

Nikasimama nikitazama. Bantu saba. Bantu kumi na moja. Komantere ya kwanza ilikuwa: "Kumbe na weye!" Ya pili ilikuwa mutu anacheka tu. Ya tatu mutu aliandika anatoka ku page, hafuate bantu ya vile. Norbert akaandika: "Ndugu, uko wapi? Umefanya nini?" Ile video ya kwanza, ku page ya mutu nisiyomujua, ilikuwa imefika elfu tisini.

Maman Gikundiro alikuja ku mulango na ndoo ya maji ya kuosha, akaimwaga ku mufereji pembeni ya miguu yangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umesema jina ya baba yako?"

"Nimesema."

Akaangalia barabara, juu, kisha chini. Nikangoja aseme kitu kingine, hata tusi.

"Basi toka ku mulango," akasema. "Bakliya bapate kupita."

Nikatoka ku mulango. Nikavuka barabara, nikasimama upande ule mwingine kwenye jua, nikibaangalia bantu benye banapita, mumoja mumoja, kama kuna mwenye ataingia.