Kichwa cha Phyllis

Wazungu wa televisheni walimuunguza Phyllis nywele, halafu wakamlaumu yeye kwa kuwa na nywele. Ndivyo nilivyoingizwa mimi, Hamida, msusi wa Deira, Dubai, katika mambo ya Waingereza yasiyonihusu ndewe wala sikio.

Aliyeniita ni Jotham, Mkenya, mlinzi wa hoteli iliyo mtaa mmoja na saluni yetu. "Dada Hamida, kuna sista hapa wamemkaanga kichwa," aliniambia kwenye simu. "Yuko kwa choo analia. Kuja, na ukuje na mtu wa kukusaidia." Nikamchukua Anna, ninayesuka naye na kulala naye chumba kimoja kule International City, tukabeba machanuo na rasta za kusukia, tukaenda.

Kile kichwa nilipokiona nilisonya mpaka Anna akanifinya. Juu ya sikio la kulia nywele zilikuwa zimekatika, zimebaki vishungi vinavyonuka kama kuku aliyebabuliwa. Na chumba chenyewe ni cha vipodozi, jamani. Mabinti wa Kiingereza wenye kazi hiyo wamejaa, meza nzima ni poda: poda nyeupe, poda ya waridi, poda ya rangi ya mchanga. Ya kumfaa Phyllis hakuna. Yake alikuja nayo mwenyewe mkobani kutoka London. Binti mmoja akanitolea macho ya huruma, akasema, "Nywele zake ni ngumu sana." Ngumu! Unaibandika pasi ya moto kwenye nywele kavu kama unanyoosha suruali, halafu eti ngumu ni nywele.

Nikawafukuza wote, nikamkalisha Phyllis sakafuni katikati ya magoti yangu. Ni mwigizaji, amezaliwa London, mama yake ni wa Nakuru. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama, kinachechemea lakini kinafika. Mtu akishakaa hapo miguuni pa msusi huwa anasema yote, na yeye akasema.

"Mama amesafisha maofisi ya London tangu mimi sijazaliwa," alisema. "Akirudi jioni anawasha TV. Mtu mweusi akitokea ananiita, kuja uone, kuja haraka, kabla hawajamuua."

Tulicheka. Anna akauliza, "Na wanamuua kweli?"

"Ama wanamfunga pingu. Ama ni nesi, anasema daktari anakuja, halafu anaenda zake. Mimi nimekuwa nesi mara nyingi. Nimekuwa malaya. Nimekuwa maiti, nikalala kwa mochwari siku nzima na baridi ile."

"Na Wahindi je?"

"Wahindi wako na duka. Ama wanalipua duka."

Tukacheka tena. Akatueleza kuhusu hii kazi ya Dubai. Ni tamthilia ya familia ya Kiingereza iliyohamia huku, na yeye ni Blessing, mfanyakazi wa ndani. Mfanyakazi wa ndani tena, ndiyo. Ila kuna mahali pete ya madam inapotea, Blessing anashukiwa, na safari hii haangui kilio. Anasimama na kumwambia: Madam, miaka yote nimelala katika nyumba yako hujaniuliza watoto wangu wanaitwaje, leo unaniuliza pete iko wapi?

Anna aliacha kusuka. Mimi mwenyewe mkono ulisimama.

"Niliposoma hayo maneno nikakubali kazi," alisema Phyllis. "Nikampigia mama. Nikamwambia, mama, hii hakuna mtu anakufa. Hii naongea. Ameshaambia kanisa yote. Wamepanga kuja kwake siku hiyo, wakae wanione nikiongea."

Basi hapo nikajua ninamsukia nani. Tulimpiga mistari myembamba ya kurudi nyuma, tukaificha ile sehemu iliyoungua kwa rasta laini, tukasuka mpaka vidole vikafa ganzi. Alipojitazama kwenye kioo akajishika shavu. Kisha akanibusu mkono.

Halafu akaja mwongozaji. Alikuwa kijana wa ndevu na kaptula, mpole, anatabasamu kila saa. Hao wapole ndio wanaonimaliza. Alimzunguka Phyllis, akasema amependeza mno, na shida ndiyo hiyo. Blessing ni mfanyakazi wa ndani, hawezi kuwa na kichwa kama kile. Kisha akanigeukia mimi kwa heshima zote. "Hamida, wewe unawafahamu wanawake hawa. Mwambie."

"Sir," nikamwambia, "hao ndio wateja wangu. Siku yao ya kupumzika, kabla hata ya kula, wanakuja kusuka. Jumapili saluni yetu hakuna pa kukanyaga. Wakitoka hapo utadhani wanakwenda harusini."

Alinisikiliza vizuri, anaitikia kwa kichwa kama daktari. Kisha akasema, "Nakuamini kabisa. Lakini mtazamaji wa kule nyumbani hataamini."

Loh! Yaani jambo ninalolishika kwa mikono yangu hii kila Jumapili, linasubiri kukubaliwa na mtu aliyejilaza kwenye kochi huko Uingereza. Na asipolikubali, basi sisi ndio tubadilishwe tufanane na uongo wake. Nilitaka kumjibu, Phyllis akaniwahi. Akamuuliza yule bwana: akifumua, maneno yake yatabaki kama yalivyoandikwa? Bwana akasema bila shaka, hilo halina mjadala.

"Fumua, dada," Phyllis akaniambia.

"Sifumui."

"Dada, hizi ni nywele tu. Mimi nimekuja kwa sababu ya maneno."

Nikafumua. Sijawahi kufumua kazi ambayo haijalala hata siku moja, na naomba Mungu isinitokee tena. Mabinti wakaja na mafuta na vumbi la chupani wakampaka usoni aonekane amechoka, wakamfunga kipande cha kitenge kichwani, nywele za mbele zikichomoza. Kitenge! Madam gani wa Dubai anamwacha msichana wake ajifunge kitenge jikoni? Wenzetu wanavalishwa sare. Nikawaambia. Wakanishukuru kwa mchango wangu, kitenge kikabaki.

Siku ya kupiga picha za ile sehemu ya pete tulikwenda kwenye fleti moja Jumeirah Village Circle. Mimi nimebakizwa kazini ili nihakikishe kichwa kimevurugika vilevile kila siku. Maana wana mama mmoja kazi yake ni kumpiga picha mwigizaji mbele, nyuma na pembeni, kwa kuwa vipande vya leo vinaungwa na vya kesho, na unywele ukihama wanapiga kelele. Nikashangaa. Walipokuwa wanauunguza, huo unywele haukuwa na thamani hata kidogo.

Wamejipanga, taa zimewaka, mwongozaji akasema kuna badiliko dogo. Yale maneno atayasema dada yake madam, Mwingereza yule mwema wa hadithi. Yeye ndiye atakayemgeukia madam na kumwambia, "Hujamuuliza hata watoto wake wanaitwaje!" Blessing atalia.

"Uliniahidi," Phyllis akamwambia.

"Yanachoma zaidi yakitoka kwake," akajibu, sauti laini kama mkate wa kumimina. "Mtazamaji yuko upande wake."

Phyllis hakusogea. Alisema hatalia mpaka ayaseme kwanza. Wakanong'onezana, wakatazama saa, mwisho yule bwana akasema sawa, tupige namna zote mbili.

Akayasema. Mashallah, aliyasema! Hakupaza sauti. Alimtazama madam usoni na sahani mkononi, akauliza kuhusu watoto wake kwa utaratibu hata yule mwanamke anayeigiza madam akainamisha macho, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Fundi wa taa, Mhindi, akapiga makofi peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mtu wa sauti na chanuo langu, machozi yananitoka.

Na hapo nyuma ndipo nilipomsikia mwongozaji akimwinamia yule wa sauti. Kiingereza changu ni cha kazini lakini hicho kilinitosha. "Sauti yake tutaizima," alisema. "Tutaweka muziki juu, na picha ibaki kwenye uso wa dada mtu."

Phyllis alitoka anang'aa, simu sikioni. "Mama," anasema, "nimeyasema!" Nikamshika mkono, nikamwambia kata simu. Akaniona uso, akamwambia mama yake atampigia baadaye. Nikamweleza neno kwa neno, sikulainisha, kwa sababu hao walainishaji wamemtosha.

Aliketi kwenye ngazi. Kisha akakivuta kile kitenge kichwani, akakitupa chini.

"Nisuke," akasema.

"Kesho si mna kazi?"

"Tuna kazi. Mwisho wa hiyo scene bado haujapigwa. Kichwa changu kikiwa kingine hawawezi kuunganisha. Lazima wakae chini tuongee."

Ewaa! Hiyo niliielewa mara moja, na iliniingia kama chai ya tangawizi. Tukamchukua mpaka chumbani kwetu, mimi na Anna tukamsokota twisti ndogondogo, zile ambazo kufumua kwake ni kazi ya siku kadhaa. Tulicheka sana mchana ule. Tulipanga hata watakavyombembeleza. Anna alimwigiza mwongozaji kwa sauti yake laini, Phyllis akawa anaweka masharti: maneno yangu, sauti yangu, uso wangu. Tuliamini kabisa kwamba wale watu wanakihitaji kichwa chake. Wanawake watatu wazima, jamani!

Asubuhi alikwenda kazini. Haikufika hata adhuhuri akanipigia kutoka hotelini, anakunja nguo. Walimshukuru. Walimwambia amechoka, wamemkatia tiketi akapumzike nyumbani.

"Umemwambia mama?" nikamuuliza.

"Bado. Sijui nianze vipi. Ameshanunua soda za watu wa kanisa."

Sijaweka simu chini, ikalia tena. Ni mwanamke wa utayarishaji, ana furaha tele. Wana kipande kidogo tu kimebaki, Blessing akiosha vyombo, kamera iko nyuma. Wanataka mtu wa umbo kama langu. Sura haihitajiki, ni mgongo tu, na kile kitambaa kichwani.

"Na Phyllis?" nikamuuliza.

"Usijali," akasema. "Hakuna atakayetambua tofauti."

Nilimtukana. Nilianza kwa Kiingereza kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili cha Tanga, ambacho hakiishi. Nikakata simu. Anna alikuwa kitandani, amesikia kila kitu.

"Kama wewe hutaki, nipe namba," akasema.

"Anna! Kichwa kile umekisuka kwa mikono yako!"

"Na mgongo ni wangu mwenyewe, Hamida. Naupeleka ninapotaka."

Alikwenda. Alirudi jioni na kuku wa kukaanga wa sisi wote, mchangamfu, anasema Waingereza wale ni watu wema, wamempa na kiti cha kukalia. Eti kazi yenyewe ni rahisi, hakuambiwa aseme kitu chochote. Alinisogezea sahani. Harufu ya yule kuku ilinipanda puani, nikakimbilia chooni nikatapika, na wallahi sikuwa mgonjwa.

Tamthilia itaonyeshwa, inshallah, sijui lini. Kule London mama mmoja atajaza sebule watu wa kanisa, atawaambia wanyamaze. Mgongo wa Anna utatokea pale kwenye sinki. Naye ataunyooshea kidole, atawaambia: huyo hapo, ni mtoto wangu, subirini, sasa hivi anaongea.