Tofali Lililoelekea Kaskazini

Eridadi alikuwa akichoma matofali huko Bwera, Uganda, tangu ujana wake, na kwa kazi hiyo Docus, bintiye, alisoma hadi akawa mwalimu wa elimu ya miamba chuoni. Asubuhi moja, tanuri likiwa limepoa, lori la Nasif, mchuuzi wa matofali, lilifika kupakia. Docus, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akalizuia, akamgeukia baba yake.

"Tata, naomba yasiguswe kwanza. Nataka matatu, yakiwa bado yamekaa vile yalivyoungua."

"Muzee, gari iko nangoja," Nasif alilalamika. "Watu ya Kasese iko nanipigia simu."

Eridadi hakuelewa binti yake anataka nini, lakini hakusita. "Vumilia kidogo, Nasif. Mutoto iko na kazi."

Docus alisimamisha kijiti juu ya tofali, akachora mstari pale kivuli kilipolala, akaandika na saa.

"Dira inaweza kupotoshwa na matofali yenyewe, ndiyo maana natumia jua kujua kaskazini iko wapi," alisema. "Udongo huu una chembe za chuma. Moto mkali unazisahaulisha zilikoelekea. Zikipoa, zinashika mwelekeo wa kaskazini ya siku ile, na hapo zinabaki. Mawe ya volkano nayo yalipoa hivyo hivyo. Ndiyo yaliyotuonyesha kwamba zamani za kale kaskazini na kusini za dira zilibadilishana, tena mara nyingi. Chini kabisa ya dunia kuna chuma kilichoyeyuka, kinachotokota na kuzunguka. Nguvu inayoielekeza dira inatoka huko."

"Kumbe hata chini kuna tanuri!" Eridadi akacheka. Nasif mwenyewe akashuka kwenye lori, akamshikia Docus kijiti.

Mwezi uliofuata, baada ya kuyapima matofali chuoni, Docus alirudi, akawakuta wazazi wake mezani.

"Tata, yote matatu yameelekea upande mmoja, kaskazini yetu ya leo! Sasa wanafunzi wangu wanaanza na tofali lako, ndipo nawapa mawe ya kale. Nimewaambia limechomwa na baba yangu."

Miaka yote, akienda kumtembelea Docus shuleni, Eridadi alikuwa akivaa shati la mikono mirefu ili makovu ya moto yasionekane. Sasa akaitazama mikono yake iliyo wazi, kisha akainama kuombea samaki na ugali wa muhogo.

"Mungu, asante kwa samaki, asante kwa bundu. Na huyu mutoto..."

Docus akamshika mkono, akaitikia, "Amina."